Mshipi wa Silvano

Majani yalipoanza kupukutika, samoni walipanda Mto Niagara kwenda kutaga mayai, na wavuvi wakajaa kwenye miamba ya ukingoni kama nzige. Miongoni mwao walikuwa Silvano na Liberati, Warundi wawili waliokulia katika kambi moja ya wakimbizi nchini Tanzania, ambao sasa walifanya kazi katika kiwanda kimoja huko Tonawanda, Marekani.

Silvano alikuwa na mkono wa heri. Kila Jumamosi alirudi mjini Buffalo na samaki wanono, akawagawia waumini wenzake wa kanisani, nao hawakuchoka kumsifu. Liberati alirudi mikono mitupu. Hata nyumbani hakupata nafuu.

"Shemeji Silvano ametukumbuka tena," mkewe, Leya, alisema huku akilamba vidole. "Mungu ambariki."

Kijicho kilimla Liberati moyo kama mchwa alavyo mti.

Jumamosi moja Leya alifuatana nao ili auone mto. Silvano alipokwenda garini kuchukua wavu, naye Leya akitazama maji, Liberati alichomoa kisu, akaukwaruza mshipi wa rafiki yake mpaka ukabaki mwembamba kama unywele.

"Leo ataaibika," alijisemea.

Silvano aliporudi, alitupa ndoano majini, kisha akamkabidhi Leya fimbo ya kuvulia. "Shika, shemeji. Usirudi nyumbani bila kuonja uvuvi."

Liberati alitaka kumwambia mkewe aiache, lakini angeulizwa kwa nini. Akageukia ndoano yake.

Mara fimbo ikapinda. Leya alicheka, akaegemea nyuma na kuvuta kwa nguvu zake zote. Mshipi ukakatika. Alianguka chali juu ya mwamba, mkono wake wa kulia ukavunjika.

Walipokuwa hospitalini, Silvano alisema polepole, "Mshipi ule haukukatika wenyewe. Nimeuona. Umepitiwa na kisu."

Leya alimgeukia mumewe. "Baba Angelika, ni wewe uliyebaki karibu na fimbo."

Liberati aliinamisha kichwa.

Leya, aliyekuwa akiwahudumia wazee, alikaa bila kazi majira yote ya baridi. Silvano aliendelea kuwaletea samaki, ila aliwaacha mlangoni, hakuingia tena. Liberati aliwapika, akawachambua miiba, akamlisha mkewe, naye Leya alikula bila kumtazama usoni. Ama kweli, mchuma janga hula na wa kwao.