Kombeo la Pimbi na Jiwe la Kifaru

Hapo zamani za kale, watoto wangu, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kulima mtama, Kifaru aliizungushia chemchemi ukuta wa udongo. Maji yote yakabaki upande wake.

"Watakunywa wazito tu!" akanguruma. "Nyinyi wepesi mna faida gani?"

Kijito cha bondeni kikakauka. Pimbi, mnyama asiyemzidi paka kwa ukubwa, akachoka kuwasikia wanawe wakilia kwa kiu. Akachukua kombeo lake la kufukuzia ndege shambani, akaanza kupanda mlima kuelekea kwenye chemchemi.

Mumewe akamshika mkono. "Mke wangu, rudi! Atakukanyaga!"

"Na anikanyage. Sirudi bila maji."

Kifaru alipomwona akacheka, kho! kho! kho! "Wewe kidonge, umefuata nini?"

"Kushindana nawe. Kila mmoja aupige ukuta huu kwa jiwe lake, mara moja tu. Atakayeutoboa, chemchemi ni yake. Nikishindwa, nahama na wanangu."

Majirani waliokuwa wamemfuata Pimbi wakashika vichwa. Kifaru akaokota jiwe la ukubwa wa chungu.

"Hilo tu?" Pimbi akamcheka mbele ya wote. "Kumbe nawe u mwepesi!"

Kifaru akapandwa na hasira. Akalitupa chini, akaenda kwenye jiwe kubwa kama kibanda. Akasukuma, hng! hng! jasho likimtiririka. Jiwe likajikokota, likajikokota, likaegemea ukuta. Tii! Hata ufa haukuonekana.

Pimbi akatia kokoto katika kombeo. Shambani alikuwa amejionea mwenyewe: kwa mwendo ule ule, jiwe lenye uzito maradufu huchimba udongo maradufu, lakini jiwe lile lile likienda kasi maradufu, huchimba mara nne.

Akazungusha. Vuu! Vuu! Vuuuu! Akaachia.

Pwaa! Ukuta ukatoboka. Maji yakachomoka, yakalipanua tundu, yakateremka bondeni kwa kelele.

"Umenidanganya!" Kifaru akafoka.

"Nimekucheka tu. Jiwe umechagua mwenyewe."

"Nitaziba!"

"Ziba! Kesho nitatoboa tena. Na keshokutwa. Mimi siondoki hapa."

Kifaru akageuka kuomba msaada. Majirani wote walikuwa wameinama, wanaokota kokoto. Akanywea, akaenda zake. Wana wa Pimbi wakanywa hadi matumbo yakawauma.

Basi shikeni hili, watoto wangu: mdogo mwenye kasi hupiga kwa nguvu kuliko mkubwa anayejikokota.