Korongo Mweusi wa Kiwanda cha Matilda

Hapo zamani, farasi walipokuwa bado wakishtuka kuona gari, katika mji mdogo wa Ujerumani aliishi mjane aitwaye Matilda. Mumewe alimwachia kiwanda cha magari na nembo yake: korongo mweupe juu ya rangi nyekundu. Magari yalikuwa mazuri, ila ni wachache tu walioyajua.

Nembo alizitengeneza Hedwig, fundi wa pale kiwandani. Alipaka unga wa kioo juu ya shaba, akauchoma tanuruni mpaka ukayeyuka na kung'aa. Siku moja alitoka kuzozana na muuza maziwa, akasahau tanuru. Aliporudi, nyekundu yote ilikuwa imeungua na kuwa nyeusi. Nembo kumi na mbili, na maonyesho ya magari ni keshokutwa.

"Mama, nimeharibu," akamwambia Matilda.

"Zibandike hivyohivyo," Matilda akasema. "Gari lisilo na nembo ni mkokoteni."

Kwenye maonyesho, tajiri mmoja alimuuliza Lothar, muuzaji wao: "Mwaka jana nyekundu, mwaka huu nyeusi. Kulikoni?"

Lothar hakupepesa macho. "Nyeusi, bwana, ni ya gari ambalo injini yake imesikilizwa mara tatu. Ikikohoa hata kidogo, haliuzwi."

Ulikuwa uongo mtupu. Injini ilisikilizwa mara moja tu, na Anselm, mkaguzi wa injini, aliyeweka ncha moja ya fimbo kwenye injini na ncha nyingine sikioni. Lakini kabla ya jioni magari yote kumi na mawili yalikuwa yameshapata wenyewe.

Magari yaliporudishwa kiwandani kusubiri kukabidhiwa, habari zikamfikia Anselm, akaenda kusimama getini.

"Lothar, umeuza masikio yangu!"

"Na yamependwa, babu wee."

"Basi hakuna gari linalotoka hapa."

Akazisikiliza tena injini zote. Akazisikiliza mara ya tatu. Magari manne aliyarudisha yakafunguliwe upya. Wateja walifoka, Anselm hakubanduka. Tangu siku hiyo, kwa miaka ishirini, hakuna korongo mweusi, kama watu walivyoiita nembo ile, aliyetoka pale bila kusikilizwa mara tatu. Watu walitoka miji ya mbali, wakakubali kusubiri mwaka mzima.

Matilda akazeeka, na mtoto hakuwa naye. Akatangaza kuwa gari jipya litabeba jina la mtu aliyemfanya korongo ajulikane. Jina moja, la kusubiwa, yaani kumiminwa kwa shaba iliyoyeyushwa, chini ya nembo, libaki hapo hata wote wakiwa hawapo tena.

Akawaita watatu, Hedwig, Lothar na Anselm, kwenye meza waliyokuwa wakinywea supu pamoja kila mchana.

"Nimeunguza mimi," Hedwig akasema. "Nisingeunguza, mngekuwa na korongo mwekundu hadi leo, na hakuna ambaye angeuliza kitu."

"Dada, wewe uligombana na muuza maziwa tu," Lothar akasema. "Wangeona nembo iliyoungua wakaondoka. Nani aliwapa sababu ya kubaki? Kinywa hiki."

"Kinywa cha mwongo," Hedwig akamjibu, akimsogezea mkate.

Anselm alikuwa akiendelea na supu. Ilibidi Matilda amguse bega, maana kwa kusikiliza injini sikio lake la kulia lilikuwa limekufa, na la kushoto lilikuwa likielekea huko.

"Wanadai nini?"

"Jina, Anselm. Nawe sema."

"Huyu alikosea, huyu akadanganya," Anselm akasema. "Mimi nimeishi miaka ishirini nikiufanya uongo wake uwe kweli. Lakini wasingekosea na kudanganya, ningesikiliza mara moja, nikarudi nyumbani na masikio yangu." Akarudi kwenye supu yake.

Matilda aliwatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekuwa amesema neno lisilo la kweli, hata Lothar.

Mlango ukafunguliwa. Fundi wa kusubu akachungulia, uso ukimvuja jasho. "Mama, shaba imeshayeyuka. Niandike nani?"

Nanyi mnaosikiliza, msaidieni Matilda kabla shaba haijaganda: aliyekosea, aliyedanganya, au aliyeutimiza uongo kwa masikio yake? Je, nani alistahili jina lile?