Digidigi na Kelele za Uwanjani

Paukwa!

Pakawa!

Nyie watu wazima huko nyuma, midomo imeshonwa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale moto uliula msitu wa mlimani. Ukala nyasi, ukala miti, ukala viota na mayai yake. Wanyama wakakimbia, wakakimbia, hata wakafika bondeni penye mto. Wenyeji wakawapokea, wakawapa mahali pa kulala. Lakini kwenye maji walisema, "Wenyeji kwanza, wageni baadaye." Na hiyo baadaye ilikuwa tope tupu.

Kati ya wageni alikuwamo kijana Digidigi na mama yake mgonjwa. Mama akinywa tope, anakohoa. Koho! Koho! Koho!

Sasa vijana wa bonde walikuwa na desturi yao. Walicheza mpira wa majani ya mgomba, na waliocheza hadi mwisho walikunywa kwanza, wao na jamaa zao. Hata Mzee Kifaru, mkubwa wa mto, aliwapisha.

Nahodha wao, binti Ngiri, akaziona mbio za Digidigi. "Kaka, njoo ucheze."

Akaenda. Akapewa mpira. Pu! Pu! Pu! Akawapita wawili. Watazamaji wakaruka, "Haya! Haya! Piga!"

Digidigi akaganda. Mara, kurupu! Akazama kichakani, mpira akauacha. Kima akacheka mpaka akadondoka mtini. "Mchezaji gani huyu, anaogopa kushangiliwa?"

Siku hiyo mama alikunywa tope.

Ngiri akamfuata kichakani. "Umeona nini?"

"Sikuona kitu, dada. Nimesikia. Moto ulipokuja, msitu wetu wote ulipiga kelele hivihivi. Baba alibaki mle."

Ngiri akakosa la kusema, akakaa naye tu. Nanyi mkikosa la kusema, kaeni tu. Si kila kidonda hutibiwa kwa maneno.

Kesho yake Ngiri akawaambia watazamaji, "Digidigi akigusa mpira, fungeni midomo."

"Mpira gani wa kimya?" Kima akanung'unika.

"Nyamaza, au shuka ucheze wewe!"

Mpira ukamfikia Digidigi. Kimya. Pu, pu, pu, mpaka langoni. Akapiga. Nje! Hakuna aliyeguna.

Digidigi akawatazama. Wote wamebana midomo, hata Kima kajiziba kwa mkia. Kwa ajili yake! Machozi yakamtoka. "Jamani, shangilieni."

"Tushangilie nini, na umekosa?" akauliza Kima.

"Shangilieni tu."

Wakashangilia, bonde zima likavuma. Miguu ya Digidigi ikatetemeka, tete, tete, tete. Ikatetemeka, lakini haikuondoka. Akacheza hadi mwisho.

Kisha akamshika mama yake, wakashuka mtoni na wachezaji. Kifaru akawapisha. Mama akainama, akanywa maji safi, akanywa tena.

Basi jueni: jasiri si asiyetetemeka, jasiri ni atetemekaye akabaki. Nawe mwenyeji, mgeni akikimbia usimcheke. Muulize kwanza amesikia nini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia akampishe mgeni mtoni.