Nyani Aliyepasha Mlima Joto

Paukwa! Nanyi mlioko jikoni, itikieni. Pakawa!

Hapo kale, wa kwanza kumpa Pimbi habari za mlima alikuwa Fuko, mchimba mashimo. Lakini kwanza mjueni Nyani.

Nyani alikaa kileleni, juu ya jiwe lenye joto. Mlima mzima ulikuwa na joto. Nyani akatangaza kwamba joto lile linatoka kwenye makalio yake. Na wanyama wakaamini. Kila alfajiri wakapanga foleni. Swala akashukuru, Ngiri akashukuru, Pimbi na watoto wake watatu wakashukuru, kila mmoja na tunda lake. Nyani akala, akajikuna, akakaa.

Siku moja Fuko akachomoza ardhini, kucha zimeungua. Akamwambia Pimbi kwamba huko chini miamba imeyeyuka, inachemka kama uji, toko toko toko, na mvuke umebanwa, unatafuta pa kutokea. Mlima uliwahi kutapika zamani. Majivu yake ndiyo yaliyorutubisha majani wanayokula.

Pimbi akawatazama watoto wake. Walikuwa wamelala ndani ya ufa wa mwamba, na ufa ulikuwa ukitoa moshi. Akapanda kwa Nyani, akauliza kwa adabu:

"Shikamoo mzee. Mbona mawe yanaunguza?"

"Leo nimekaa vizuri. Ongeza tunda."

"Na huu moshi?"

"Nimekaa vizuri sana."

Wanyama wakacheka. Wakamwita Pimbi mwoga, mama anayemsikiliza Fuko, mla minyoo. Pimbi akarudi kwenye ufa. Akawachukua watoto wake, akashuka, akavuka kijito, akapanda kilima cha pili.

Jioni ardhi ikanguruma, ngu ngu ngu. Mlima ukapasuka, puu! Moto ukamwagika kama uji uliofurika sufuriani. Majivu yakaliziba jua. Wanyama wakakimbilia kilima kile cha Pimbi, na mbele yao wote, akiruka na kupiga mayowe, alikuwa mwenye joto lake, Nyani, makalio mekundu, hayana unyoya hata mmoja.

Kulipokucha, Nyani akachagua jiwe pale kilimani. Akakaa taratibu, kwa maumivu, akangoja. Na wale wanyama, majivu bado masikioni, wakapanga foleni.

Pimbi akaja na watoto wake. Akaligusa jiwe. Baridi kama chura. Akampita Nyani, akampa mgongo, akawapanga watoto wake waote jua.

Basi, mkubwa akijisifu, gusa jiwe kwa mkono wako. Hadithi yangu imeishia hapo, na foleni ya wajinga haijaisha.