Miaka ya Mbwarahaji Isiyopita

Hapo zamani, katika mji mmoja wenye askari tele na vita hakuna, alikuwako mlinzi wa lango jina lake Mbwarahaji. Alishika mkuki akiwa kijana wa miaka kumi na minane, na sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, ana ndevu za mvi na watoto saba, na mshahara wake ulikuwa ule ule wa siku ya kwanza, riale mbili kwa mwezi.

Basi siku moja mkewe, Mwanaate, akamwambia, "Mume wangu, leo nimepika maji. Yamechemka vizuri sana, ila watoto wanauliza mboga." Mbwarahaji akaona haya, akaenda barazani kwa Sultani Shekuwe, akapiga magoti.

"Ewe bwana wangu, nimekutumikia wewe na marehemu babako miaka ishirini na sita. Naomba mshahara wangu ukue."

Sultani akamtazama waziri wake, naye waziri akasema, "Sheria yetu yasema mshahara hukua kwa cheo na kwa miaka. Cheo hupewa mwenye miaka mingi kazini. Na miaka huanza kuhesabiwa siku mtu apatapo cheo."

Mbwarahaji akafikiri hata kichwa kikamuuma. "Na hii yangu ishirini na sita, bwana?"

"Hukuwa na cheo," akasema Sultani, "basi hiyo si miaka. Ni kama haikupita kabisa. Waziri, andika hivyo, utie muhuri."

"Nimesikia na nimetii," akasema Mbwarahaji, akaomba nakala, akaondoka.

Ikawa siku ya tatu yake, Sultani na waziri walitoka mjini kumlaki mfalme wa nchi jirani, aliyekuja kutazama jeshi. Waliporejea naye adhuhuri, jua likiwachoma utosini, wakakuta lango limefungwa, na Mbwarahaji yuko juu ya ukuta, amenyoa ndevu zote.

"Fungua!" akapaza sauti Sultani.

Mbwarahaji alijua shingo yake i hatarini, lakini akainama akasema kwa upole, "Bwana mdogo, umetoka nje na nani? Babako akijua atatuchapa sote."

"Babangu alikufa miaka kumi iliyopita!"

"Mungu apishe mbali! Babako yu mzima. Mimi ni kijana wa miaka kumi na minane, nimeshika mkuki juzi tu. Ile miaka ishirini na sita haikupita, nakala hii hapa na muhuri wake. Kwa hiyo wewe u mtoto wa miaka tisa, nami sina ruhusa kumfungulia mtoto lango."

Waziri akafoka, "Akatwe kichwa huyu!"

"Nawe, bwana, ungali wauza vitumbua sokoni," akajibu Mbwarahaji. "Tangu lini muuza vitumbua akatoa amri?"

Yule mfalme mgeni akacheka hata akashika shingo ya punda wake asianguke. "Ndugu yangu," akasema, "nimesafiri siku nne kuja kumwona Sultani, kumbe nimeletewa mtoto!"

Sultani akakunja uso, akajaribu kughadhibika, lakini kicheko kikamshinda, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Mbwarahaji! Miaka yako imepita!"

"Yote, bwana?"

"Yote!"

"Na cheo?"

"Akida wa lango, mshahara riale ishirini! Fungua, ubongo wangu wayeyuka!"

Basi lango likafunguliwa, na jioni ile ile Sultani akaamuru miaka ya kila askari ihesabiwe tangu siku aliposhika mkuki. Mbwarahaji akarudi kwake na mchuzi wa mbuzi, watoto wakala hata wakalala palepale mkekani.

Ama waziri, yeye alivuliwa joho, akapewa mkuki, akawekwa langoni kwa riale mbili. Mwezi ulipokwisha akamwendea Sultani, akauliza atakaa pale mpaka lini.

"Kwa sheria yako ile, huna cheo," akasema Sultani. "Siku yako ya kwanza bado haijafika."