Maneno Aliyoyakataza Kiboko

Jamani, mpo?

— Tupo.

Masikio?

— Tumeyafungua.

Midomo?

— Tumeifunga.

Mkiifunga mtaniitikia vipi? Haya, sogeeni.

Ko! Ko! Ko! Usiku wa manane buyu linagongwa. Bi Digidigi, yule paa mdogo kuliko wote, akashtuka, akamziba mdomo mwanawe Kidoti hata kabla hajajua kuna nini. Alikuwa mwoga mama huyo, jani likianguka, moyo wake pu! Kumbe ni Kenge, askari wa Kiboko, anapita akitangaza sheria mpya: kuanzia usiku huu ni marufuku kusema yale maneno. Atakayeyasema hanywi maji, wala ukingoni mwa bwawa hakanyagi.

Yale maneno kila mnyama aliyajua. Kiboko alikuja bwawani mgeni, akaomba aloweke miguu tu. Akaloweka miguu, akaloweka tumbo, akaloweka mpaka masikio, kisha akasema bwawa ni lake, na anayetaka kunywa amkatie majani kwanza. Wanyama wakakata, wakakata, mwisho wakaanza kuimba chini chini: Bwawa ni letu, Kiboko rudi kwenu.

Asubuhi Kidoti, mtoto ni mtoto, akaimba pale pale ukingoni. Kenge akamdaka sikio. Hanywi. Jua likapanda, ulimi wa mtoto ukakauka kama gome, hata kulia akawa hawezi. Mama yake akaogopa, akaenda. Akaogopa, akaenda, mpaka mbele ya Kiboko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kulia?"

"Hapana mzee, nimekuja kuuliza. Kenge alisema yale maneno. Maneno yapi? Mtoto hakuambiwa, na mimi naogopa nisije nikayasema nikimbembeleza."

Kiboko akamwamuru Kenge ayataje. Kenge akafumba kinywa, mm-mm, kichwa akatikisa; akiyataja, maji ya kunywa atapata wapi? Kiboko akanung'unika kwamba ana askari bure, akaagiza wanyama wote waje, atatangaza mwenyewe.

Sasa pale bwawani kutangaza kuna utaratibu wake: mtangazaji akisema, wasikilizaji hurudia neno kwa neno, kesho mtu asije akajitetea kwamba hakusikia. Wanyama wakajaa ukingoni. Kiboko akapanua kinywa.

"Ni marufuku kusema: Bwawa ni letu, Kiboko rudi kwenu!"

Wakarudia wote, nyati mpaka panya: "Bwawa ni letu, Kiboko rudi kwenu!"

"Samahani mzee," sauti ya Bi Digidigi ikatetemeka, "wa nyuma hawakusikia."

Kiboko akasema tena. Wakarudia tena, mara hii na makofi.

"Sasa mmesikia?"

"Tumesikia mzee, na tumeshayasema. Sheria ni sheria. Jamani, tutoke ukingoni."

Wakatoka kwa adabu, wakakaa mbali kwenye vumbi. Kenge akanong'ona kwamba hata mzee mwenyewe ameyasema, tena mara mbili. Kiboko akajifanya hakusikia.

Mchana tumbo la Kiboko likaanza: nguru-nguru. Majani hakuna, na miguu yake ilishasahau njia ya malishoni. Akamtuma Kenge. Kenge, mla mayai, akaleta miiba. Akawaita wanyama waje wakate. Wakamjibu kutoka kule kule kwamba wanaogopa kuvunja sheria. Bi Digidigi aliogopa kuliko wote: alikuwa amemlaza Kidoti kivulini, anamlamba midomo, anaomba tumbo la mzee lishindwe kabla ya koo la mwanawe.

Nguru-nguru-nguru! Jua halijazama, Kiboko akasema ameifuta, ameifuta sheria, waje.

Kidoti akanywa wa kwanza, gubu-gubu-gubu, mpaka tumbo likawa ngoma. Wengine wakanywa, na kwa kuwa marufuku haipo tena, wakaimba. Wakanywa wakiimba, wakaoga wakiimba, na majani hakukata mtu. Kiboko akizama anasikia, akiibuka anasikia.

Alfajiri akaondoka, ananyata na mwili wote ule. Akapita kwa Bi Digidigi.

"Mama Kidoti, nakuomba. Usimwambie mtu kwamba nimefukuzwa na tangazo langu mwenyewe."

Bi Digidigi, mwoga yule, akaahidi.

Ngano yangu imekunywa, imeshiba, imelala. Funzo lake ni kutii. Mkubwa akikataza maneno, msiyaseme; yarudieni tu kama alivyoyasema yeye, wote kwa pamoja, ajue mmesikia.

Nami niliahidi kabla ya kusimuliwa. Ahidini nanyi.

— Tunaahidi. Hatumwambii mtu mwingine.