Gari la Kiboko na Madoa Yaliyokataa Kutoka

"Hadithi!"

"Njoo!"

"Ije ya kweli, au ije ya kunoga?"

"Ya kunoga!"

"Na ikinoga mno, nani ataniuliza ushahidi?"

"Hakuna!"

Basi sogeeni. Zamani sana, kabla magari hayajahamia kwa watu, wanyama ndio waliokuwa wakiyaendesha. Si wote. Kobe alisema hana haraka. Twiga alijaribu, shingo ikakosa pa kukaa. Katika nchi iliyokuwa chini ya Kilima cha Chokaa gari lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa la Kiboko. Lilikuwa jeusi la kung'aa, hata nzi akitua juu yake alijiona wako wawili.

Miguuni pa kilima palikuwa na chemchemi ya maji matamu. Upande wa pili, kwenye miiba, palikuwa na kisima cha maji ya chumvi. Wanyama walikunywa chemchemini, na kisima kilikuwa cha kunawia miguu. Mwaka ule mvua ikakawia. Kiboko akawasha gari, brruum, akaliendesha mpaka chemchemini, akaliegesha kwenye njia ya kuingilia, kisha yeye mwenyewe akajitosa majini akakaa. Akatangaza kwamba tangu siku ile chemchemi ni ya gari lake. Wenye kiu waende kisimani.

Wakaenda. Wangefanya nini? Meno ya Kiboko mnayajua. Wakubwa walikunywa maji ya chumvi wakiwa wamefumba macho. Watoto walikunywa wakayatapika. Bi Digidigi, aliyekuwa mzee kuliko wote, alisema ulimi wake umekuwa mkavu kama ngozi iliyosahauliwa juani.

Hapo alikuwapo Nguchiro, mnyama mdogo, mrefu wa mwili, mfupi wa miguu. Wafuga kuku wanamsema vibaya. Mimi sina kuku, kwa hiyo simsemi. Nguchiro alikuwa na watoto wachanga shimoni, na wachanga wale walikuwa wakinyauka. Akaenda kwa Kiboko akaomba kazi ya kuosha gari. Kiboko akamwuliza anataka ujira gani. Nguchiro akasema hataki kitu, ila jioni aruhusiwe kwenda nyumbani na kitambaa cha kufutia, kikiwa kimelowa vilevile. Kiboko akacheka mpaka maji yakafurika ukingoni, akakubali.

Sasa Kiboko alikuwa na desturi yake. Gari lake halikuoshwa asubuhi wala jioni. Lilioshwa mchana, jua likiwa utosini, tena peupe kabisa, ili kila mpita njia alione linaoga. Kwa hiyo kila mchana ilikuwa hivi:

Maji yalimwagwa, chwaa!

Sabuni ilipakwa, shwa shwa shwa.

Povu lilisuuzwa, chwaa!

Nguchiro alifuta, fyu fyu fyu, upesi upesi, kabla tone halijakauka.

Halafu alikiuma kitambaa, akakimbia nacho mpaka shimoni. Watoto walipanua vinywa, naye akakikamua, ti, ti, ti. Wakanywa. Wakalala. Kesho yake tena.

Siku moja Kiboko akaona matone kwenye vumbi. Akayafuata kwa macho, tone baada ya tone, mpaka yalipoishia. Roho ikamuuma.

"We Nguchiro," akasema, "unanibebea maji yangu."

"Ni ya kwenye kitambaa, bwana mkubwa."

"Hata yakiwa kwenye kitambaa ni yangu. Kuanzia leo utakikamulia humu humu nilimo. Nisione tone njiani."

Nguchiro akasema amesikia. Akarudi nyumbani mdomo mtupu, watoto wakapanua vinywa, akawaambia wafumbe. Alikaa pale akiwaza. Hakupanga uongo wowote, maana Nguchiro hakuwa mwongo. Aliamua tu kuwa mtiifu.

Kesho yake gari likawekwa juani.

Maji yakamwagwa, chwaa!

Sabuni ikapakwa, shwa shwa shwa.

Povu likasuuzwa, chwaa!

Nguchiro akakaa chini.

Kiboko akauliza mbona hafuti. Nguchiro akamjibu kwamba akifuta, kitambaa kitanyonya maji, na maji si yake. Anaogopa kuiba. Kiboko akaliona hilo ni jambo la adabu. Isitoshe, matone yalikuwa yakimeta kwenye boneti kama shanga, akayapenda. Akasema iwe hivyo kila siku.

Ikawa hivyo kila siku. Jua likanywa maji, likaacha kisichonyweka. Kumbukeni kwamba chemchemi ile, pamoja na utamu wake, ilikuwa imepita kwenye mawe ya chokaa. Kila tone lililokauka liliacha kiduara cheupe. Vikawa vingi. Vikakaa kwenye boneti, vikapanda juu, vikashuka milangoni. Gari jeusi likawa na madoadoa kama kanga.

Kiboko aliposogea kujitazama kwenye mlango, aliona uso wake una ndui. Akapiga kelele hadi ndege wakahama miti. Nguchiro akaambiwa afute sasa hivi. Akafuta, fyu fyu fyu. Madoa yakatulia palepale. Akafuta tena, fyu fyu fyu. Palepale.

Akaitwa Kima, ambaye kila jambo alikuwa analijua. Kima akasema dawa ni mafuta ya nazi. Akapaka gari zima, likang'aa ajabu, madoa hayakuonekana. Kiboko akaenda kutembea nalo barabarani, brruum. Aliporudi, vumbi lote la nchi lilikuwa limeganda kwenye mafuta, na gari lilifanana na andazi. Walipolisuuza, madoa yalikuwa yanawangoja chini.

Akaitwa Nungunungu. Nungunungu hakutaka, akasema mgongo wake haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kiboko akamwonyesha meno, Nungunungu akageuka nyuma, akasugua. Kwaru, kwaru, kwaru. Mlango mmoja ulipokwisha, madoa yalikuwapo, na mikwaruzo ilikuwapo. Nungunungu akaondoka bila kuaga, na Kiboko akalia machozi kabisa. Tusimcheke sana. Kila mtu ana kitu chake ambacho kikiharibika anaona dunia imeharibika.

Hapo Nguchiro akasogea taratibu. Akamwomba aachiwe gari asubuhi moja tu, chini ya mkwaju ulio karibu na kisima cha chumvi, ajaribu maji ya kule. Hakuahidi kitu. Kiboko akasema maji ya chumvi yatamaliza rangi. Nguchiro akasema huenda. Lakini rangi yenyewe ilikuwa imeshamsikitisha mwenyewe, kwa hiyo gari likapelekwa mkwajuni. Kiboko hakuweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu, ngozi yake inapasuka, akarudi chemchemini.

Alipotoweka, Nguchiro akatoa ndimu alizookota. Akazikamua kwenye ndoo, chuu, chuu, akazimua kwa maji ya kisima. Akalowesha kitambaa laini, akakilaza juu ya madoa kidogo, akafuta bila kukandamiza. Viduara vikaanza kulegea, vikayeyuka, vikaondoka. Akasuuza, na kivulini pale pale akafuta upesi, fyu fyu fyu, asiache tone.

Kiboko alikuja mbio, ardhi ikitikisika, du, du, du. Akakuta gari jeusi kama siku ya kwanza, ukitoa ule mlango wa Nungunungu. Akajitazama. Uso ulikuwa laini. Akanusa.

"Mbona linanukia?"

"Linanukia, bwana mkubwa."

"Umeoshea maji gani?"

"Ya kisima chetu."

Hapo Kiboko alikuwa amebakiza swali moja tu, la nini kingine kilikuwa ndooni. Angeliuliza, ningekuwa nimeshamaliza kusimulia. Lakini aliyesikia jibu alilokuwa akilitaka haulizi tena. Kiboko akatangaza papo hapo kwamba kisima anakichukua, na ile chemchemi ya madoa waichukue wao.

Nguchiro alikuwa hajamwambia mtu mpango wake, hata Bi Digidigi. Bibi aliposikia kwamba hata kisima kinaondoka, akaanguka chini akalia. Alilia kweli. Alimwomba Kiboko kwa jina la mama yake asiwanyang'anye tone la mwisho. Nguchiro alitazama chini, maana machozi yale hakuyapanga, na yalimchoma. Ila Kiboko, kila bibi alipozidi kulia, ndivyo alivyozidi kukitaka kisima.

Katika nchi ile maji hayakuhama kwa mwenyewe mwingine kwa maneno tu. Ilikuwa lazima kila upande unywe kata moja ya maji uliyopewa, mbele ya wote, useme "yamenitosha." Ukishasema, hakuna kurudi. Usiku Nguchiro akapita shimo kwa shimo, akaomba jambo moja: kesho, mtu akinywa chemchemi, akunje uso.

Asubuhi wakakusanyika. Kiboko akaletewa kata ya maji ya chumvi, bila ndimu. Akanywa, glu, glu, glu. Macho yakamtoka. Masikio yakasimama. Wanyama wote walikuwa wanamtazama.

"Yamekolea," akasema. Akameza tena. "Yamenitosha."

Zamu yao ikafika. Kima akanywa, akakunja uso, akajishika tumbo, akabingirika, hadi wenzake wakamkanyaga mkia aache. Nungunungu akanywa akakunja uso. Watoto wa Nguchiro wakainua vichwa, wakanywa maji matamu kwa mara ya kwanza tangu siku za kitambaa, na baba yao akawashika mashavu yasichanue. Mwisho akaletwa Bi Digidigi. Alikunywa polepole. Hakukunja uso. Akafumba macho, akatulia, na machozi yakamshuka tena.

Kiboko akamtazama kwa wasiwasi. "Vipi, bibi?"

Kila mmoja akazuia pumzi.

"Yamenitosha, mwanangu," akasema Bi Digidigi. "Kwa umri wangu, yamenitosha."

Kiboko akamwonea huruma. Akawasha gari, akahamia kisimani.

Kule kisimani akaendelea na desturi yake. Jua likiwa utosini, gari likiwa peupe:

Maji ya chumvi yakamwagwa, chwaa!

Sabuni ikakataa kutoa povu.

Maji ya chumvi yakamwagwa tena, chwaa!

Wa kufuta hakuwapo.

Jua likaja likanywa. Chumvi ikabaki. Kesho yake chumvi juu ya chumvi. Doa likaungana na jirani yake, jirani akaungana na wengine, mpaka siku moja wanyama wakiwa chemchemini wakasikia brruum, wakaona gari jeupe linakuja. Waliokuwa wakinywa waliacha. Kina mama wakavuta watoto nyuma. Kiboko akashuka, mdomo umemkauka kwa chumvi, meno yako palepale.

"Nguchiro, njoo hapa. Uliniambia nini kuhusu maji yale?"

"Kwamba ni ya kisima chetu, bwana mkubwa."

"Tazama gari langu."

Nguchiro akalizunguka. Akainama, akachungulia chini ya milango. Akapanda boneti, akashuka. Alichukua muda wake, na wakati wote huo watoto wake walikuwa wamejificha nyuma ya jiwe, wakiwa bado na maji mdomoni.

"Sijaona doa," akasema.

"Hujaona? Yako kila mahali!"

"Doa ni kitu cheupe kwenye kitu cheusi. Nionyeshe kwenye gari hili palipo peusi."

Kiboko akatafuta. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma. Hakupata.

"Basi hayo si madoa," Nguchiro akasema kwa upole. "Hiyo ni rangi."

Wanyama waliona wazo linavyopita ndani ya kichwa kile kikubwa, taratibu, kama gogo linavyosukumwa na mto.

"Kuna mwingine mwenye gari la rangi hii?"

"Hakuna hata mmoja. Na hata mikwaruzo ya Nungunungu imefunikwa."

Kiboko akakimbilia kuutazama mlango. Ni kweli, mikwaruzo haikuonekana tena. Akaupapasa kwa pua. Akapanda, akapiga honi, paa paaa, akaondoka shingo imenyooka, akipunga mkono kwa kila aliyempita.

Sasa mtataka funzo. Ningesema mnyang'anyi hafaidiki, ila Kiboko aliishi kwa furaha na gari lake jeupe kuliko alivyoishi na lile jeusi. Ningesema tusidanganye, ila Nguchiro hakudanganya hata neno moja, na mmeona yaliyotokea. Kwa hiyo chukueni hili: gari lioshwe kivulini, lifutwe kabla maji hayajakauka, na ndimu ichanganywe na maji mengi. Anayesema hadithi hii ina funzo jingine, amwulize Kiboko.

"Hadithi yangu imekauka."

"Ina doa?"

"Kila mahali."